Mtoto wangu ni mdogo tumboni: je, nipimwe homoni za kondo la nyuma?

Mpendwa Mshauri,

Nina ujauzito wa wiki 31, ambao ni wa kwanza, na ninakuandikia kwa sababu katika familia yetu yamezuka maoni yanayopingana nami nimebaki katikati. Katika kipimo cha altrasaundi nilichofanyiwa hivi karibuni, daktari alikadiria kuwa mtoto ana gramu 1,250, akanieleza kwamba uzito huo uko chini ya pasentaili ya 3 kwa umri wa mimba yangu (yaani kati ya watoto 100 wa umri huo, chini ya watatu ndio wadogo kiasi hicho) na kwamba tumbo la mtoto ndilo lililobaki nyuma zaidi kuliko kichwa. Alipima pia mtiririko wa damu kwa Dopla, akaandika kwamba ukinzani katika ateri ya kitovu umepanda, lakini damu bado inasonga mbele hata pale moyo wa mtoto unapotulia kati ya pigo moja na jingine. Shinikizo langu la damu ni la kawaida na mkojo wangu hauna protini. Nimeambiwa kwamba ukuaji wa mtoto umedumaa kwa sababu ya kondo la nyuma, nirudi kila wiki kwa Dopla, na kwamba huenda nikazalishwa kabla ya siku zangu kutimia.

Mama mkwe wangu, ambaye alifanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, alishangaa kusikia kwamba sijapimwa homoni hata moja. Anasema katika enzi zao mjamzito mwenye mtoto mdogo alikusanya mkojo wake wote wa saa 24, mkojo huo ukapelekwa maabara kupimwa estrioli, na kiwango kikishuka mama alizalishwa bila kusubiri. Nilipomuuliza daktari, alinijibu kwa kifupi tu kwamba kipimo hicho hakifanywi tena. Mama hakuridhika na jibu hilo, na kusema kweli mimi pia sikuridhika.

Wakati huohuo mume wangu ameona tangazo la maabara binafsi inayopima damu ili kujua kama kondo la nyuma linafanya kazi vizuri, naye yuko tayari kulipia. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba nilipopekua faili langu nilikuta majibu ya kipimo cha wiki ya 12, ambamo PAPP-A imeandikwa kuwa 0.34 ya kiwango cha kati, na pembeni kuna alama ya mshale unaoelekea chini. Hakuna aliyewahi kunieleza maana yake.

Ninaomba unisaidie kwa haya. Kwa nini kipimo cha estrioli kiliachwa? Je, hicho kipimo kipya cha damu kinapima homoni ileile kwa njia nyingine? Nikikifanya, matibabu yangu yatabadilika? Na kama kondo la nyuma limeshindwa kutoa homoni za kutosha, kwa nini nisiongezewe, kwa mfano kwa vidonge vya projesteroni?

Ni mimi,
Mama mtarajiwa

*

Mpendwa mama mtarajiwa,

Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. Kipimo cha estrioli usikitafute, kwa kuwa hakitakusaidia na kinaweza kukupotosha. Kipimo kipya cha damu si kile cha zamani kwa jina jipya, bali kinapima kitu kingine kabisa, nacho kina manufaa yake, ingawa manufaa hayo yanakuhusu zaidi wewe kuliko uamuzi wa lini mtoto azaliwe. Uamuzi huo utatokana na Dopla, mapigo ya moyo ya mtoto, ukuaji wake na umri wa mimba, yaani mambo yaleyale ambayo daktari wako ameanza kuyafuatilia. Kwa hiyo kuhusu utaratibu wa kitabibu sioni kwamba umepuuzwa. Ulichonyimwa ni maelezo, na hayo ulistahili kuyapata.

Mama mkwe wako anasema kweli kuhusu enzi zao. Katika miaka ya 1960 na 1970 kupima estrioli lilikuwa jambo la kawaida katika hospitali kubwa za nchi nyingi, na hoja iliyokiunga mkono ilikuwa nzuri. Estrioli haitengenezwi na kondo la nyuma peke yake. Tezi za adrenali za mtoto hutoa malighafi, ini la mtoto huibadilisha, kondo la nyuma hukamilisha kazi kwa vimeng'enya vyake, homoni iliyokamilika huingia katika damu ya mama, ini la mama huiandaa, na mwisho figo za mama huitoa kwenye mkojo. Wataalamu wa wakati ule walifikiri hivi: ikiwa mtoto na kondo lake wanashirikiana kuitengeneza, basi kiwango chake kitatuambia hali ya wote wawili kwa pamoja. Zaidi ya hayo, wakati ule hapakuwa na njia nyingi za kumchungulia mtoto aliye tumboni, kwa hiyo kipimo chochote kilichotoa namba kilipokelewa kwa mikono miwili.

Udhaifu ulikuwa ndani ya hoja hiyohiyo. Kitu kinachopita mikono mingi kinapochelewa, huwezi kujua ni mkono upi uliokichelewesha. Estrioli inaweza kuwa chini kwa sababu kondo limechoka, lakini pia kwa sababu mama hakukusanya mkojo wote wa saa 24, au figo zake hazifanyi kazi vizuri, au anatumia ampisilini, dawa inayovuruga bakteria wa utumbo ambao wana sehemu yao katika kuirudisha homoni hiyo kwenye mzunguko wa damu. Wapo watoto, karibu wote wa kiume, ambao kondo lao halina kimeng'enya kiitwacho salfatezi. Estrioli ya mama zao huwa karibu na sifuri, ilhali mtoto mwenyewe hukua vizuri na kwa kawaida tatizo lake kubwa baadaye ni ngozi kavu yenye magamba. Upande wa pili, mtoto ambaye ubongo na fuvu lake havikuumbika pia husababisha estrioli ya chini sana, kwa kuwa tezi zake za adrenali hazikuchochewa ipasavyo, na hapo kondo la nyuma halina kosa lolote.

Kuna sababu moja ambayo ningependa umweleze mama mkwe wako hasa, kwa kuwa kama mkunga ataielewa upesi. Leo, mtoto anapotarajiwa kuzaliwa kabla ya wiki 34, mama huchomwa sindano za betamethasoni au deksamethasoni ili mapafu ya mtoto yakomae. Dawa hizo hutuliza tezi za adrenali za mtoto kwa muda, na zikitulia, malighafi ya estrioli hupungua na kiwango chake hushuka kwa kishindo. Maana yake ni kwamba kipimo hiki kingepiga kengele ya hatari siku zilezile ambazo mtoto amepewa dawa yenye manufaa makubwa kwake, na daktari anayekiamini angeharakisha kuzalisha bila sababu. Isitoshe, kiwango cha estrioli hubadilika sana siku hata siku kwa mama yuleyule, hivyo majibu ya mara moja hayakutosha na ilibidi vipimo virudiwe tena na tena ili kuona mwelekeo. Mtoto aliye taabani hana muda huo.

Homoni nyingine iliyotumika sambamba na hiyo ni laktojeni ya kondo. Hii hutengenezwa na kondo lenyewe, na wingi wake hufuatana zaidi na ukubwa wa kondo kuliko hali ya mtoto kwa saa ile. Walipatikana hata wanawake ambao damu yao haikuwa na homoni hiyo kabisa kutokana na kasoro ya kurithi, nao wakazaa watoto wazima. Nadhani hilo linatosha kuihusu.

Hoja zote hizo, hata hivyo, zingeweza kupuuzwa kama kipimo kingeonyesha kwamba kinaokoa watoto. Mwaka 1976 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake zaidi ya 600 wenye ujauzito wa hatari, ambao wote walipimwa estrojeni (kundi la homoni ambalo estrioli ni mojawapo) katika damu, lakini madaktari wa nusu yao walionyeshwa majibu na wa nusu nyingine walifichwa. Vifo vya watoto havikutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Huo ndio mtihani ambao kipimo chochote kinapaswa kupita. Haitoshi kwamba namba zinashuka kwa mama wenye watoto wadogo. Lazima kuijua namba hiyo kumsaidie mtu kutenda jambo lenye faida ambalo asingelitenda bila kuijua. Estrioli ilishindwa mtihani huo, ndiyo maana iliachwa. Utaweza kukutana nayo bado katika baadhi ya vipimo vya wiki 15 hadi 20 vya kuchunguza kasoro za kromosomu, lakini hiyo ni kazi nyingine.

Mwaka mmoja tu baada ya utafiti huo, yaani 1977, watafiti wa Dublin walieleza jinsi ya kusikiliza mtiririko wa damu katika kitovu cha mtoto kwa mawimbi ya sauti, na kuanzia hapo mambo yalianza kubadilika. Ateri ya kitovu hutoka kwa mtoto kwenda kwenye kondo. Ikiwa mishipa midogo ndani ya kondo imeziba au haikuumbika vizuri, damu hukutana na ukinzani, na ukinzani huo huonekana kwenye kioo cha mashine. Inakadiriwa kwamba takriban asilimia 30 ya mishipa hiyo inakuwa imeathirika ndipo ukinzani uonekane umepanda, na inapofika asilimia 60 hadi 70 damu husimama au hata kurudi nyuma moyo wa mtoto unapotulia. Tofauti na estrioli, Dopla ya kitovu ilipita mtihani niliousema: tafiti zilipojumlishwa, kuitumia katika mimba zenye hatari kulihusishwa na upungufu wa vifo vya watoto wa karibu asilimia 29. Kwa hiyo daktari wako anapokuwekea Dopla anapima kazi ya kondo la nyuma, tena kwa njia ya moja kwa moja kuliko homoni ilivyowahi kufanya. Pengine kama angekuambia sentensi hiyo moja, usingelazimika kuniandikia.

Majibu yako ya sasa, yaani ukinzani uliopanda huku damu ikiendelea kusonga mbele, yanaonyesha kondo lililopungukiwa uwezo, lakini halijafika mahali pa kulazimisha mtoto atolewe wiki hii. Hali hiyo ikibaki hivyohivyo, miongozo mingi ya kimataifa inashauri mtoto azaliwe kati ya wiki 36 na 38. Damu ikisimama, lengo hushuka hadi wiki 32 mpaka 34, na ikirudi nyuma hushuka zaidi, kwa kawaida wiki 30 hadi 32. Kabla ya wiki 32 madaktari huangalia pia mshipa mdogo wa vena unaopita kwenye ini la mtoto kuelekea moyoni, pamoja na jinsi mapigo ya moyo yanavyopanda na kushuka kwenye mashine, kwa sababu kila siku ambayo mtoto anaweza kukaa tumboni kwa usalama ina thamani kubwa kwa mapafu na ubongo wake. Utaona kwamba katika ngazi zote hizo hakuna mahali ambapo homoni inaulizwa.

Sasa nije kwenye kipimo ambacho mume wako amekiona. Kwa maelezo yako nadhani ni kipimo cha PlGF, ama peke yake ama pamoja na sFlt-1. PlGF ni protini inayotolewa na kondo la nyuma ili kuchochea mishipa ya damu kuota na kutanuka. Kondo ambalo halikupata damu ya kutosha kutoka kwenye mfuko wa uzazi hutoa PlGF kidogo, na badala yake humwaga kwa wingi sFlt-1, ambayo huinasa PlGF iliyopo na kuizuia isifanye kazi. Ukisoma majibu, kumbuka kwamba PlGF hupanda kwa kawaida hadi karibu wiki ya 30 kisha hushuka kuelekea siku za kujifungua, kwa hiyo namba isiyosomwa pamoja na wiki za mimba haina maana. Katika kimojawapo cha vipimo vinavyotumika sana, PlGF chini ya pikogramu 100 kwa mililita kabla ya wiki 37 huhesabiwa kuwa si ya kawaida, na chini ya 12 huhesabiwa kuwa ya chini mno. Kwa wanaotumia uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF, uwiano wa 38 au chini yake hutoa uhakika mkubwa kwamba priklampsia haitatokea ndani ya wiki moja, na uwiano unaozidi 85 kabla ya wiki 34 huamsha tahadhari. Mashine tofauti hutoa namba tofauti, hivyo majibu ya maabara moja hayalinganishwi na ya nyingine.

Umeona nimetaja priklampsia, yaani ugonjwa wa shinikizo la damu la ujauzito unaoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Nimeitaja kwa makusudi, kwa sababu vipimo hivi vilijipatia jina huko. Mtoto anayedumaa mapema kwa sababu ya kondo na mama anayepata priklampsia ni mara nyingi watu wawili wanaoteswa na kondo lilelile, na shinikizo la damu la mama linaweza kuwa la kawaida leo na kupanda baada ya wiki mbili. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba pale madaktari walipopewa majibu ya PlGF ya wanawake walioshukiwa kuwa na priklampsia, muda wa kuthibitisha ugonjwa ulipungua kutoka siku 4.1 hadi 1.9, na madhara makubwa kwa mama yalipungua. Kwa watoto hapakuonekana tofauti. Utafiti mwingine wa hukohuko, wa mwaka 2024, uliuliza kama kurudia kipimo hicho mara kwa mara kungewasaidia watoto, na jibu likawa kwamba hakukuwasaidia.

Kwa mtoto aliyedumaa, faida inayobaki ni ya kutofautisha. Kuna watoto wadogo kwa asili, wenye afya njema, na kuna watoto wadogo kwa sababu wananyimwa chakula na oksijeni. PlGF ya chini huelekeza kwenye kundi la pili. PlGF ya kawaida kwa mtoto mdogo sana humfanya daktari aulize maswali mengine: je, tarehe za mimba ni sahihi, je, kuna maambukizi kama sitomegalovirusi, je, kuna tatizo la kromosomu? Katika hali yako, hata hivyo, sehemu kubwa ya utofautishaji huo imekwisha kufanyika. Mtoto yuko chini ya pasentaili ya 3, tumbo limebaki nyuma ya kichwa, Dopla imeonyesha ukinzani, na PAPP-A ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Yote yanaelekeza kidole kwenye kondo la nyuma. Kipimo cha damu kitakuwa shahidi wa tano katika kesi ambayo mashahidi wanne hawajapingana.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mume wako ni kwamba asilipie kipimo hicho nje ya kliniki inayokuhudumia kabla hamjamuuliza daktari swali hili: majibu yakiwa ya chini utafanya nini ambacho hufanyi sasa, na yakiwa ya kawaida utaacha nini? Akisema kwamba yakiwa ya chini atakupima shinikizo la damu mara nyingi zaidi na kukufuatilia kwa ukaribu kwa ajili ya priklampsia, basi kipimo kina kazi, na kifanyike. Akisema hakuna kitakachobadilika, hifadhini fedha zenu. Kinachonitia hofu kuhusu vipimo vya kujilipia ni karatasi yenye namba nzuri kuliko ile yenye namba mbaya. Mama anayejua kwamba PlGF yake ni ya kawaida anaweza kuamka siku moja, akaona mtoto hachezi kama alivyozoea, akajituliza kwa karatasi iliyo kabatini. Usifanye hivyo kamwe. Mtoto akipunguza kucheza, au uchezaji wake ukibadilika kwa namna unayoitambua wewe kuwa si ya kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama Dopla ya jana ilikuwa nzuri na hata kama miadi yako ni kesho. Usisikilize moyo wake nyumbani kwa kifaa cha kununua kisha ukaamua kubaki, kwani moyo unaweza kusikika ukidunda ilhali mtoto yuko katika shida.

Fanya vivyo hivyo ukipata maumivu makali ya kichwa, ukiona ukungu au vimulimuli, ukiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, au uso na mikono ikivimba ghafla. Hapa mama mkwe wako anaweza kuwa msaada mkubwa kuliko maabara yoyote. Mwombe akupime shinikizo la damu nyumbani kati ya miadi na kuandika namba hizo daftarini. Likifika 140 kwa 90, piga simu kliniki siku hiyo. Likifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura.

Kuhusu PAPP-A, uliyoyaona ni majibu ya kweli lakini ya zamani. PAPP-A ni protini ya kondo la nyuma inayopimwa katika wiki za mwanzo pamoja na kipimo cha kuchunguza kromosomu, na ikiwa chini ya takriban 0.4 ya kiwango cha kati huongeza uwezekano wa mtoto kuwa mdogo. Wanawake wengi wenye majibu kama hayo huzaa watoto wenye uzito wa kawaida, kwa hiyo haikuwa hukumu, lakini ilikuwa sababu ya kutosha ya kukueleza na kupanga altrasaundi za ukuaji. Kutokuelezwa ni kasoro, na una haki ya kuiulizia kwa heshima. Kuirudia PAPP-A sasa hakuna faida yoyote.

Swali lako la mwisho ndilo wanalouliza wengi, nalo lina mantiki: kama kimepungua, kwa nini kisiongezwe? Jibu ni kwamba upungufu wa homoni ni alama ya kondo lililoharibika, nao siyo unaomdumaza mtoto. Mtoto anadumaa kwa sababu oksijeni na virutubisho havipiti vya kutosha, na hakuna kidonge cha homoni kinachofungua mishipa iliyoziba. Projesteroni ina matumizi yake kwa wanawake wenye mlango mfupi wa kizazi, lakini haimwongezi uzito mtoto wa aina hii. Kuongeza estrojeni ni kubadilisha majibu ya maabara bila kugusa ugonjwa. Aspirini ya kiwango kidogo husaidia kuzuia ikianzwa mapema, ikiwezekana kabla ya wiki 16, na kuianza sasa kwa lengo la kumkuza mtoto ni kuchelewa. Sildenafili, ambayo mtandaoni husifiwa kwamba hufungua mishipa ya kondo, ilijaribiwa katika nchi kadhaa na haikusaidia. Jaribio la Uholanzi lilisimamishwa mwaka 2018 baada ya watoto kadhaa kufariki kwa shinikizo kubwa la damu ndani ya mapafu. Ukishauriwa na mtu yeyote kuitumia, kataa. Kulala kitandani siku nzima nako hakujaonyesha faida, na kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kula vizuri ni jambo jema kwako, lakini usijilaumu kwa chakula. Kondo hili halikuharibika kwa sababu ya ulichokula au kutokula.

Tiba tuliyo nayo ni kuchagua siku, na kwenye miadi ijayo ningependa maswali yako yaelekee huko. Muulize daktari ni mabadiliko gani ya Dopla yatakayomfanya akulaze wodini, na kama hospitali hiyo ina uwezo wa kumhudumia mtoto njiti wa gramu 1,250 hadi 1,500 au utapaswa kuhamishiwa kwingine kabla ya kujifungua, kwa maana kumhamisha mtoto akiwa tumboni ni salama zaidi kuliko kumhamisha baada ya kuzaliwa. Muulize pia ni wakati gani atakupa sindano za kukomaza mapafu. Hizo hufanya kazi vizuri zaidi zikitolewa ndani ya siku saba kabla ya mtoto kuzaliwa, kwa hiyo kuzitoa leo kwa tahadhari tu kunaweza kuwa mapema mno. Ikiwa mtoto atalazimika kuzaliwa katika siku hizi za karibuni, ulizia magneziamu salfeti, ambayo hupewa mama ili kuulinda ubongo wa mtoto anayezaliwa mapema sana.

Siku utakapojifungua, omba kondo la nyuma lipelekwe kwenye maabara ya patholojia badala ya kutupwa. Huko ndiko kutakakojulikana kama mishipa iliziba, kama kulikuwa na mabonge ya damu au mchochota (inflamesheni) wa aina fulani ambao huelekea kujirudia, na ripoti hiyo ihifadhiwe vizuri, kwa sababu ukishika mimba nyingine itamsaidia daktari kuamua kama uanze aspirini kabla ya wiki 16 na ni lini altrasaundi za ukuaji zianze. Barua hii unaweza kumsomea mama mkwe wako, na kama ana swali ambalo sikuligusa, aniandikie mwenyewe.

Wako,
Mshauri